Mzazi Mzoefu

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa dada yako. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi na mtoto, na kwamba kile kikohozi chako kimekwisha. Mimi sijambo isipokuwa magoti, na magoti nitayaeleza, kwa kuwa yanahusiana na swali lako.

Umeandika kwamba majibu ya vipimo vya mtoto yametoka, hasikii, na hospitali imewashauri mjiunge na kikundi cha wazazi wenzenu. Unauliza kama kina faida. Umemuuliza anayejua. Nimekaa kwenye kikundi kama hicho miaka minane, na sita kati ya hiyo nimevaa beji iliyoandikwa Mzazi Mzoefu.

Tunakutana Jumamosi ya kwanza ya mwezi katika darasa la chekechea, kwa sababu hakuna aliyejisumbua kutafuta mahali pengine. Viti ni vya watoto wa miaka minne. Tunakaa watu wazima ishirini, magoti yamegusa kidevu, tukijadili mambo mazito. Mwenyekiti ni dereva mstaafu wa gari la wagonjwa. Hufungua kikao kwa hotuba ya nusu saa kwa sauti ya juu, utadhani wasiosikia ni sisi. Kisha kila mtu anaombwa aseme anavyojisikia, na hapo ndipo utachoka. Huyu anamlaumu mama mkwe. Yule kaambiwa habari za dawa ya matone na jirani wa rafiki yake. Mmoja kila mwezi anasimulia jinsi mwanawe anavyogeuka mlango ukibamizwa, na kila mwezi tunatikisa vichwa kana kwamba ni habari mpya. Mimi karani wa masjala nimezoea kila jalada kuwa na namba na mahali pake. Watu wale hawana mpangilio hata wa kulia.

Mimi nilikuwa na mpangilio. Tangu mpwa wako alipotimiza miaka mitatu nilimkalisha mbele ya kioo kila jioni, mkono wake kooni kwangu, nikamfundisha sauti moja moja. Mikono nilimkataza. Mikono ni ya kufanyia kazi, nilisema, mtu anaongea kwa mdomo. Alipofika miaka tisa nilimtungia sentensi tatu, na tangu hapo kila kikao anasimama mbele ya wale watu, kichwa juu, anasema: “Mimi sisikii, lakini naongea. Mama yangu ndiye masikio yangu. Msikate tamaa.” Wanalia wote. Mwenyekiti anafuta miwani. Nami huwatazama nikijiambia kwamba hawa hawatafika popote, uvumilivu wangu watautoa wapi. Nisikufiche, nilizipenda sana Jumamosi zile.

Miezi mitano iliyopita muuguzi wa kitengo cha masikio alinikabidhi mzazi mpya nimwongoze, maana ndiyo kazi ya beji. Ni mama muuza mboga. Nilimbandika jina la Mama Leso siku hiyohiyo, kwa kuwa leso haikubanduka usoni pake. Alilia wakati wa utambulisho, akalia wakati wa chai, akalia alipopewa kijitabu, kisha akakiri kwamba kusoma kwenyewe ni kwa kubabaisha. Nilimpa ratiba niliyoichapa mwenyewe: kioo, koo, sauti. Mwezi uliofuata nikamuuliza amefika wapi. Akasema hajaanza, ila mkabala na meza yake ya mboga kuna fundi viatu asiyesikia, na wateja wakipungua anawafundisha yeye na mwanawe lugha ya alama. Nilimcheka mbele za watu. Nilimwambia hospitali ina wataalamu, yeye kaona fundi viatu ndiye daktari. Akafuta macho, akaniomba radhi, na kwa fundi hakuacha kwenda.

Jumapili iliyopita alikuja kwangu kunirudishia ratiba, akisema huenda ikamfaa mwingine. Nilikwenda jikoni kuchemsha chai. Nikiwa huko nikasikia kicheko kikubwa, cha kukwaruza, nisichokitambua. Nilirudi na sinia mkononi, nikakuta anayecheka ni mpwa wako. Mikono yake ilikuwa inakwenda mbio. Mama Leso alimjibu kwa yake, polepole, akikosea na kusahihishwa, wote wawili hawana mbavu. Alama hizo kumbe mpwa wako alizipata shuleni, kwa wenzake, nyuma ya madarasa. Ana miaka kumi na saba, na sikuwahi kujua kwamba mwanangu ni mcheshi.

Nikataka kujua wanacheka nini. Mama Leso akasema walikuwa wanamwiga mwenyekiti. Kisha akasema kuna jambo jingine binti yangu amemuuliza. Amemuuliza kila akisimama pale mbele huwa anawaambia nini wale watu, hata wanalia. Neno mama anajua limo. Mengine kwake ni kazi ya ulimi tu.

Mdogo wangu, sikushangaa. Hilo ndilo sijamwambia mtu yeyote, nakwambia wewe. Nilipokuwa namfundisha sentensi zile aliniuliza. Alinyoosha kidole kwenye midomo yangu, akafungua viganja vyote viwili, akapandisha nyusi. Hata mgeni angeelewa. Nikamshika mikono, nikaibana juu ya meza, nikamwambia arudie. Aliuliza siku tatu au nne, kisha akaacha. Nilijua kabisa hajui anachosema, nikampeleka hivyohivyo, kwa sababu nilitaka wale watu wanione. Nimewadharau miaka minane, na katika darasa lile mtu wa kudharauliwa alikuwa mmoja, mwenye beji.

Nilimwomba Mama Leso amweleze maana ya maneno yale. Alimweleza, na kwa mara ya kwanza hakulia. Mpwa wako akauliza nani aliyatunga. Nikanyoosha mkono kama mwanafunzi. Akachukua kikombe chake akaenda kunywea uani.

Kwa hiyo jiungeni. Mtasikia upuuzi mwingi na viti vitawaumiza, lakini kaeni. Tafuteni mtu wa kuwafundisha alama, na muanze mwezi huu, mtoto akiwa bado anauliza. Mkimwona mwenye beji anajisifu, hameni upande. Yangu nimeirudisha kwa muuguzi, na sasa jioni nikitoka kazini napitia sokoni. Fundi viatu anasema vidole vyangu ni vigumu kuliko soli.

Msalimie wifi, na umpakate mtoto kwa niaba yangu. Barua zangu zote nimekuwa nikizifunga kwa kuandika kwamba mpwa wako anakusalimu. Nilikuwa naandika tu, sikuwahi kumuuliza. Safari hii nimemuuliza. Kwa kuwa yule baba yake aliondoka bila kuacha hata picha, iliyopo ukutani ni yako peke yake, ile uliyopiga ulipopata kazi. Nimemwonyesha hiyo, nikamweleza kwa alama chache nilizonazo: huyu na mimi, mama yetu mmoja. Ameitazama kwa muda mrefu. Kisha amekunyooshea kidole, akafanya alama ya baba, akatikisa kichwa kuniuliza kama basi huyu si baba yake. Miaka yote hii amekuwa akidhani baba yake ni wewe.

Salamu hajatuma.

Ni mimi,
Dada yako