Ufuta wa Ukoo

Jumatatu, 7 Julai 1952. Nandagala
Kukung'uta ufuta tangu asubuhi. Mgongo umegoma. Mavuno mazuri, mali ya ukoo mzima. Mchana kaja Hamisi, mtoto wa dada yangu Somoe, na barua ya bomani. Amechaguliwa kwenda chuo kikuu, huko Uganda. Ada juu ya serikali. Nauli, nguo na matumizi juu yetu. Jibu linatakiwa kabla mwezi haujaisha. Somoe alilia kwa furaha. Mimi nilijikaza, nikashindwa.

Ijumaa, 11 Julai
Baada ya sala watu wananipa mkono wa hongera, papo hapo wanauliza jando lini. Wavulana sita wa ukoo wanangoja. Ufuta hautoshi kwa yote mawili, jando na safari. Nililijua hilo tangu Jumatatu.

Jumapili, 13 Julai
Kikao cha ukoo. Mzee Mkwanda, mkubwa wetu, kaanza: "Huyu akienda huko harudi. Akirudi, jembe hatalishika. Wanaoendesha trekta Nachingwea, nani kawauliza darasa?" Watu wakacheka. Nikacheka na mimi. Nilichekea nini?
Wakanigeukia. Kwetu mjomba ndiye mwenye neno, baba wa mtoto husikiliza tu. Hamisi kakaa mbele yangu, ananitazama. Nikasema jando kwanza. Niliogopa kuitwa mjomba aliyewaacha watoto sita bila kutahiriwa kwa ajili ya mmoja. Mwoga mimi.

Jumanne, 15 Julai
Somoe ananiwekea chakula, anaondoka.

Jumamosi, 9 Agosti
Ngoma ya jando, siku ya tatu. Mbuzi wawili, kuku sijui wangapi. Wageni wametoka hata Naipingo. Waliosema hawana hata punje ya kumpa Hamisi wamekuja na vikapu vya mchele, wanaimba. Wananisifu: mjomba wa kweli. Siku ya kujibu bomani imeshapita.

Jumapili, 7 Septemba
Hamisi yuko Nachingwea, anafundishwa trekta. Leo dereva wa lori kaleta kifurushi chake. Kanzu, kaninunulia kwa mshahara wake wa kwanza. Kitambaa kizuri, si cha bei rahisi. Nikaijaribu uani. Nilitamani iwe ndogo. Imenikaa sawasawa. Somoe akaja, akaniwekea sawa shingoni, akarudi kuchambua mboga.