Taa ya Njano Haiwaki Mbele ya Fundi

Jumatano, 9 Julai 2025

Pikipiki imenizimikia tena. Mteremko wa mtoni, pale penye mawe. Taa ya njano ikawaka, ile yenye picha ya injini, dashibodi yote ikapepesa kama mtu mwenye usingizi, kisha — kimya. Mimi na helmeti yangu katikati ya barabara! Watoto wa shule wakaniamkia kwa heshima zote, shikamoo bibi, halafu wakaangua kicheko. Nikaitikia marahaba. Nikahesabu hadi ishirini, nikawasha. Ikawaka kama vile haijafanya kitu.

Mara ya tatu mwezi huu. Kosa langu ni kumwambia Crispin kwenye simu. Mwanangu yule, akiwa kwake Mbalizi, akisikia "imezima" anaelewa "mama kaanguka". Akasema: Mama, una miaka sitini na nne. Kana kwamba yeye ndiye aliyenizaa!

Alhamisi, 10 Julai

Kwa fundi Gwakisa, njia panda. Mnyakyusa wa watu, alikuja Kalenga kuoa, akabaki na spana zake. Nikachomoa ufunguo wa pikipiki kwenye bunda langu la funguo, nikampa huo mmoja. Funguo za watu siachi gereji. Mna kanisa la kigango humo, mna chekechea, mna stoo ya vyombo vya msiba, mna nyumba ya wifi Evarista tangu ahamie Soweto kule Mbeya. Mtu akifiwa, sufuria na turubai zinatoka kwangu. Siyo jambo la kuacha juu ya meza yenye grisi.

Gwakisa akasema ni betri, vichwa vimelegea. Akakaza. Akaenda nayo hadi Iringa mjini na kurudi, mluzi mdomoni.

"Gwe mama, hii haina kitu!"

Jumamosi, 12 Julai

Imezima. Mbele ya kigango, kwaya yote ikiwa nje. Sitaki kuandika.

Jumatatu, 14 Julai

Gwakisa kabadilisha fyuzi. Kasafisha viungo vya waya. Kaendesha mara tatu, ya mwisho kampakia mkewe na gunia la mahindi. Hakuna kitu! Mimi nimekaa kwenye benchi, bunda langu mapajani, namtazama anavyopita na kurudi. Taa ile ina adabu sana mbele ya wanaume.

Akaniuliza polepole, macho chini: labda mama unagusa kitu bila kujua? Mimi! Niliyechoma watu sindano miaka thelathini na minne, na hakuna hata mmoja aliyelalamika kwamba nimegusa kisichohusika. Nikamwambia ashike adabu. Kisha nikaomba radhi, maana chai alinipa yeye.

Jumanne, 15 Julai

Crispin kampigia Gwakisa kwa siri. Siri gani, Gwakisa mwenyewe kaja kuniambia, kaona aibu. Kaulizwa kama pikipiki ni mbovu, kasema ukweli: nzima. Basi mwanangu kapata jibu. Kama pikipiki ni nzima, mbovu ni mama.

Jioni kapiga. Anakuja wiki ijayo kuichukua. Na mimi pia! Chumba cha nyuma kimeshapakwa rangi, wajukuu wananisubiri. Wajukuu nawapenda. Nawapenda hasa wakija huku, wakila mahindi yangu, wakarudi kwao. Bila pikipiki hapa nitakuwa mtu wa kukaa barazani kungoja wanaokuja, na huko Mbalizi nitakuwa mtu wa kuambiwa kaa, mama, tutafanya wenyewe. Sitaki.

Lakini niandike ukweli, hakuna anayesoma. Naogopa kwamba yuko sahihi. Leo nimejipima: presha sawa, sukari sawa. Nikajaribu kutaja wasichana wote tuliomaliza nao uuguzi. Nikakwama kwa mmoja, mrefu, mwenye pengo. Nikamkumbuka nikimenya viazi — Tumpe! Nilipaza sauti hadi kuku wakakimbia.

Alhamisi, 17 Julai

Leo nilipanga shahidi. Nikampakia jirani yangu Yudith, nikapita makusudi kwenye mawe. Taa ikawaka, injini ikakata, ikarudi yenyewe. Nikapiga kelele: Umeona? Umeona?

Yudith hakuona. Alifumba macho tangu tulipotoka kwake, anasali rozari.

Jumatatu, 21 Julai

Niandike taratibu, bado nacheka.

Gwakisa alisema kimebaki kitu kimoja tu ambacho hajabadilisha, swichi ya funguo. Nikaenda mjini, duka la spea la Gulam. Alikuwepo binti yake, Zehra, ambaye naye sasa ni mama wa watu wazima. Akataka kuona ufunguo ili ajue ni swichi ya aina gani. Sikutaka kuhangaika kuuchomoa, kucha zangu mbovu. Nikampa bunda lote.

Akalishika, mkono ukashuka. Akanitazama. Akaliweka kwenye mizani wanayopimia misumari.

"Gramu mia saba na hamsini, Mama Crispin! Hizi zote zinaning'inia kwenye swichi?"

Nikasema ndiyo, sasa zining'inie wapi?

"Na mawe yale ya kwenu? Kila shimo zinavuta swichi, ndani panaachia. Umeme unakatika, unarudi. Taa lazima iwake!"

Gwakisa siku zote nimempa ufunguo mmoja, mwepesi. Mimi ndiye ninayepanda na kijiji kizima kikining'inia magotini! Nikacheka hadi wateja wakageuka.

Swichi hakuniuzia. Alisema nipande na ufunguo mmoja wiki nzima kwanza, ikikata tena nirudi. Mzee Gulam akaguna kule nyuma kwamba binti huyu atafunga duka.

Alhamisi, 24 Julai

Siku tatu, mawe yote, hakuna taa. Bunda liko kwenye mkoba, bega linauma, moyo mweupe. Sijachanganyikiwa! Gwakisa kashika kichwa, kasema miaka yote hajawahi kumuuliza mteja amebeba funguo ngapi. Leo nimepita mtoni mara mbili bila safari yoyote, kwa raha tu.

Crispin sijamwambia. Nataka nimwone uso.

Jumamosi, 26 Julai, asubuhi

Aliingia jana na basi la jioni, na mkate, na dawa ya magoti ambayo sikuagiza. Leo kaamka mapema, kapanda pikipiki na ule ufunguo mmoja. Kaenda hadi makumbusho ya hapa kijijini, kashuka mtoni, karudi. Nzima kabisa, anasema. Halafu akanitazama kwa huruma. Huruma! Hapo ndipo nilipogundua ujinga wangu. Nimeponya pikipiki, nimepoteza ushahidi.

Nikamweleza habari ya funguo, mizani, Zehra. Akasikiliza hadi mwisho. Akaitikia, sawa mama. Nimekuwa nesi, "sawa" ile naijua, ndiyo tuliyokuwa tunawaambia wagonjwa wanaotaka kwenda nyumbani.

Nikarudisha ufunguo kwenye bunda. Nikamwambia, haya, shuka tena na hizi zote, pita penye mawe. Kakubali ili nisichukie. Kavaa viatu vyake vya ofisini. Namsikia anaondoka.

Mchana

Nilisikia ilipokata. Kabisa, pale pale! Nikapiga makofi peke yangu uani.

Karudi baada ya nusu saa, anaisukuma. Tope hadi magotini: injini ilikata penye mawe, kwenye kona ya mfereji wa mashamba, pikipiki ikalala, yeye akasimama mferejini. Hakuumia. Nilimkagua mikono, shingo, mbavu, anaona aibu kama mtoto wa kliniki. Nikangoja aseme, mama ulikuwa sahihi.

"Mama, hiki kitu kinaua. Siwezi kukuachia."

Ndiyo hivyo. Ikiwa nzima, mimi ni mzee. Ikiwa mbovu, ni hatari. Nilitaka kumjibu kwa ukali, akaniwahi. Akasema Baba ameshatutoka, na wewe — hakumaliza. Nikaona haya. Nilijua itakata. Nilimpandisha mwanangu kwenye kitu nikijua kitakata, kisha nikapiga makofi. Hilo kweli halihusiani na umri.

Nikaweka maji ya kuoga jikoni.

Akauchomoa ufunguo wa pikipiki mwenyewe. Bunda akanikabidhi kwa mikono miwili, kwa heshima, akasema hizi ni kazi yako mama, watu wanakutegemea. Ule mmoja akautia mfukoni. Anazungumza kama mwenyekiti wa kikao! Na hao watu wanaonitegemea nitawafikiaje, kwa miguu, huku mtu amefiwa ng'ambo ya mto? Na kutoka Mbalizi je, nitafungua stoo kwa simu? Hakufikiri. Au kafikiri, na anasubiri niseme kwamba nimechoka. Sijachoka.

Sasa yuko bafuni kule nyuma. Suruali yenye tope kaiacha kwenye kiti cha mlango wa uani, kaenda kajifunga kitenge changu cha maua. Mkurugenzi mzima huko ofisini kwake. Mfuko wa kulia umefura kidogo, naona.

Nimeketi naandika badala ya kutazama kiti. Mstaafu wa serikali, mama wa jumuiya, mtunza funguo za kijiji — niingize mkono mfukoni mwa mwanangu? Nikiuchukua, atasema, si nilijua, anafanya mambo ya kitoto. Nikiuomba, atasema "sawa mama" na kesho ufunguo utapanda basi naye kwenda Mbalizi. Naweza kumwambia yote kwa utulivu akitoka. Naweza.

Anaita.

"Mama! Maji yamepoa, niongezee ya moto!"

Sauti ile ile ya darasa la tatu. Miaka arobaini na moja, baridi ya Iringa bado inamshinda.

Haya, nainuka. Sufuria iko tayari jikoni, na njia ya bafuni inapita pale pale kwenye kiti chenye suruali.