Kibodi Aliyoondoka Nayo Mtani

Tandika, Temeke,
Dar es Salaam.

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo Mama. Barua yako aliyokuandikia dada Winifrida nimeipata kwa dereva wa basi, pamoja na ule ulezi. Natumaini mguu wako umepoa na mvua haijayalaza mahindi ya nyuma ya nyumba. Ukiniuliza hali yangu, nakula, nalala, naenda kazini Kipawa na kurudi. Kama huko ndiko kuwa mzima, basi mimi ni mzima.

Umeniuliza kama nitakuja kwenye arobaini ya Alfonsi. Umeniuliza pia kwa nini sikulia tulipomzika, maana shangazi amesema mbele za watu kwamba nilisimama pale kaburini kama mtu anayesubiri basi. Shangazi hajakosea. Nilikuwa namsikia padri, naliona jeneza, najua aliyemo ni mdogo wangu niliyelala naye chumba kimoja tangu tufike Dar, na ndani yangu kulikuwa kimya tu. Ikaendelea hivyo mpaka Jumapili iliyopita. Ndiyo maana nilikuwa sitaki kuja. Niliona aibu kukaa tena na watu wanaolia, mimi macho makavu.

Ya Jumapili nitakueleza, ila lazima nianze na ile kompyuta.

Shirika alilokuwa tarishi Alfonsi lilipouzwa, vitu vikuukuu vya ofisi waliuziwa wafanyakazi kwa bei ya kutupa. Wenzake walichukua viti na makabati. Mwanao akaja na kompyuta juu ya mkokoteni, imegeuka rangi ya meno ya mvuta tumbaku.

"Wenzio wamepata makabati," nikamwambia.

"Kabati lina gemu, braza?"

Rafiki yake alikuwa amempa gemu ya mashindano ya magari. Siku ya kwanza gari lilikwenda kidogo, likaganda, likaruka, likajikuta ukutani. Mashine ilikuwa na kumbukumbu ndogo. Kumbukumbu ya kompyuta, Mama, ni kama ungo: mahindi yanaweza kuwa debe zima, lakini ungo ukiwa mdogo utapepeta kiganja kwa kiganja mpaka jua lizame. Hela ya mashine mpya hatukuwa nayo hata ya kuota. Basi tukawa tunaiongezea vipande. Redio yetu ilikwenda kwa fundi wa Kariakoo, tukarudi na kadi ya picha iliyotolewa kwenye mashine iliyokufa. Feni ikawa inakoroma, Alfonsi akaitia mafuta ya cherehani. Kila kipande kilipoongezwa gari lilikwenda vizuri kidogo, na yeye kwenye kona alikuwa anajipinda mwili mzima, bega karibu liguse sakafu.

"Dogo, gari halioni bega lako," nilikuwa nikimwambia. Hakuacha.

Vilibaki vijiti viwili vya kumbukumbu, ambavyo fundi aliahidi kumtafutia. Ndipo malaria ikampanda kichwani, na yaliyofuata unayajua.

Kuna jambo hukuliona, kwa sababu lilitokea huku kabla hatujasafirisha mwili. Mzee Shija, jirani yetu muuza mkaa, ni Mnyamwezi, kwa hiyo mtani wetu. Alikuja msibani kufanya kazi ya watani. Akaingia chumbani, akaketi mbele ya kompyuta, akaanza kumwigiza marehemu: anaendesha, anajipinda, anaanguka na kiti. Watu wakacheka mpaka wakaishia kulia. Mimi nilikuwa nafikiria masufuria ya kuazima. Kisha akachomoa kibodi, ule ubao wa vitufe vya kuandikia, akaubana kwapani.

"Hii naondoka nayo. Mtumwa wangu Mngoni akiitaka, aje aikomboe kwa kuku."

Nilitakiwa kubishana naye, nimtukane kidogo, nimkimbize hadi mlangoni. Nikamwambia, "Chukua tu, mzee." Akaniangalia kwa muda, akaondoka nayo.

Niliporudi kutoka kuzika, nilikwenda Kariakoo kuvichukua vile vijiti. Sijui kwa nini nilikwenda.

"Mdogo'ako yuko wapi, mbona haonekani?" fundi akauliza.

Nikasema, "Yupo."

Nikavipachika, nikawasha. Mashine ikaanza kuhesabu kumbukumbu yake, ikapita pale ilipokuwa ikiishia zamani. Kisha ikaandika kwa Kiingereza kwamba haioni kibodi, na kwamba nibonyeze kitufe ili iendelee. Nibonyeze nini, Mama, na vitufe viko kwa muuza mkaa? Alfonsi angecheka wiki nzima. Mimi nilizima, nikaenda kufua.

Barua yako ilipofika, nikaona angalau hilo deni la mtani nilimalize, nisije nyumbani na aibu mbili. Jumapili baada ya misa nikanunua kuku, nikampelekea Mzee Shija.

"Umekawia, mtumwa wangu. Nilidhani nyie Wangoni mmeshasahau utani."

"Kuku huyu hapa, mzee."

"Sipokei mpaka nikione hicho kigari. Mie nilikuwaga nasikia kelele zake tu dirishani."

Akaja na kibodi ndani ya gunia, vumbi la mkaa limejaa kati ya vitufe. Tukaipuliza mpaka tukapiga chafya. Kuku nikamfunga kwenye mguu wa kitanda. Nikawasha, nikaanza kuendesha.

Gari halikuganda, Mama. Lilikwenda laini barabara nzima, vile tulivyokuwa tukihangaikia siku zote zile. Nikaona ni kweli inafanya kazi, na sikusikia chochote moyoni. Nikaikaribia ile kona kubwa ambayo Alfonsi hakuwahi kuipita.

"Mbona waniegemea?" Mzee Shija akauliza taratibu.

Nikajitazama. Bega langu lilikuwa kifuani pake. Nilikuwa nimejipinda mwili mzima vilevile kama Alfonsi, wala sikuwa na habari. Gari likagonga ukuta. Nikalia. Nililia kwa sauti kama mtoto aliyechapwa, mpaka mama mwenye nyumba akaja mlangoni, na Mzee Shija akampungia mkono aende zake. Hakunitania. Alinishika bega mpaka niliponyamaza.

Kisha akasimama, akakung'uta vumbi la mkaa kwenye suruali. "Haya, kibodi baki nayo."

Nikamwonyesha kuku.

"Huyo mpelekee mama'ako. Mie nimeshalipwa."

Basi nakuja kwenye arobaini, Mama. Nguo za Alfonsi nimezifunga. Siahidi kwamba nitalia mbele za watu, maana Jumatatu niliamka na ule ukimya umerudi mahali pake. Lakini siuogopi tena kama mwanzo. Namkumbuka sana mdogo wangu, na nilikuwa sijalisema hilo kwa mtu yeyote.

Nisalimie dada Winifrida, mwandishi wako, na baba mdogo anayekulimia shamba. Shangazi mwambie maneno yake nimeyapata na sina kinyongo naye. Na umwombe baba mdogo atengeneze lile banda la kuku, mlango wake ulikuwa umelegea. Nakuja na yule kuku.

Ni mimi mwanao,
Otmari