Gari la Godwin, Nyumba ya Nani?

Salgaa, Kenya
4 Machi 2025

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Hujambo? Mgongo unaendeleaje, ile dawa ya kuchua imesaidia? Mimi afya ninayo, sina homa wala kikohozi. Nilicho nacho ni hasira, imenijaa mpaka kooni.

Gari limekufa. Hiace ya bosi wangu Godwin imegoma hapa Salgaa, mahali malori yanapopumzika kabla ya Nakuru, tukiwa tunaenda kufunga pampu sita za sola kwenye mashamba ya huku. Kabla hatujatoka Tarime nilimwambia kwa mdomo wangu: rejeta inavuja, gari hili halifiki. Unajua alifanya nini? Alimwaga manjano ndani ya rejeta! Manjano ya kupikia, mama! Akasema yataziba, nenda, wewe dereva mzuri. Kupanda milima ya Kericho mshale wa joto ukapanda na sisi, na tulipofika hapa injini ikatoa moshi mweupe, ikanyamaza. Fundi wa hapa amefungua, anasema gasketi imeungua na silinda hedi imepinda.

Mafundi wawili niliokuwa nao walidandia lori siku ileile wakarudi nyumbani. Mimi siwezi. Karatasi ya gari pale mpakani Sirari imeandikwa jina langu, nikirudi mikono mitupu wataniuliza nimeliuza wapi. Na pampu na paneli zote zimo ndani. Godwin kila nikimpigia ni wimbo mmoja: "Kaa hapohapo, spea inakuja." Leo siku ya sita.

Halafu mbona nikipiga simu yako anapokea kaka Magige? Anapokea na anakata. Barua hii nampa Nelson, yule anayepeleka ndizi Nakuru. Anapita hapa mara mbili kwa wiki. Nijibu kupitia kwake.

Mwanao,
Wegesa


Nyakunguru
8 Machi 2025

Mwanangu Wegesa,

Marahaba. Nimefurahi kuona mwandiko wako. Mgongo upo, asubuhi unauma, nikishashika jembe unasahau. Watoto wa kaka yako wazima. Yule mbuzi mweupe amezaa mapacha.

Pole sana na gari. Simu ni kweli anayo Magige. Alisema anaenda kubadilisha kioo, sasa ni wiki ya tatu.

Sikutaka kukuandikia haya ukiwa na shida zako, lakini nikinyamaza utanilaumu. Eneo letu hili linachukuliwa na mgodi, wenye nyumba watalipwa fidia, tumeshaitwa mkutano. Wathamini watafika upande wetu Alhamisi, tarehe 20. Kila mwenye nyumba anasimama mbele ya nyumba yake ameshika ubao wenye jina lake, anapigwa picha, basi. Mwenyekiti wa kitongoji ametutangazia kwamba jina litakalokuwa kwenye ubao ndilo litakaloingia kwenye daftari.

Magige anasema atasimama yeye mbele ya nyumba yako. Ameshaingiza mbuzi kwenye chumba chako cha mbele, na mkewe anaanika nguo dirishani. Nilimwambia, nyumba hii amejenga Wegesa, tofali kwa tofali, kijiji kizima kimeona. Akanijibu kwamba mwanamke aliyeachika hana boma, na ardhi ni ya baba yake. Nikarudi jikoni kwangu. Ungekuwa mimi ungefanya nini?

Liache hilo gari, mwanangu. Si lako. Njoo.

Mama yako


Salgaa
12 Machi 2025

Mama,

Shikamoo. Leo sitauliza habari za watoto wa Magige, mnisamehe.

Mbuzi! Kwenye chumba ambacho sakafu nimeipiga kwa mikono yangu, nikibeba maji kwa ndoo toka mtoni kwa sababu fundi alilewa akalala! Mwambie mwanao hivi: huyo mke anayeanika nguo kwenye dirisha langu alimwoa kwa ng'ombe zangu. Ng'ombe kumi na mbili za mahari nilizolipiwa mimi. Hazikumaliza hata wiki zizini kwetu, akaziswaga kwa wakwe zake. Na nilipopigwa kule kwa mume nikakimbilia nyumbani, nani alinirudisha? Nani alisema nivumilie, ng'ombe za kurejesha hazipo? Si yeye? Nilikaa miaka miwili mingine nikipigwa ili ndoa ya Magige isivunjike. Sasa anataka na nyumba. Huyu mura, huyu kijana wako, hana haya hata kidogo!

Unaniambia niache gari. Unadhani sijawaza? Injini iko wazi, imefunikwa na turubai. Fundi amepeleka silinda hedi Nakuru ikachongwe, isawazike. Jana nimeenda chooni tu, kurudi nakuta baba mzima, amevaa na koti, anafungua betri yangu. Nimemfukuza na spana hadi ng'ambo ya barabara. Nikiondoka hapa siku moja, patabaki bodi tupu, na Godwin atatangaza kwamba nimeuza pampu zake. Nani atanipa gari tena Tarime? Dereva wa kiume akiangusha gari wanasema ajali. Mimi nikivunja taa ya nyuma watanisema mwaka mzima.

Kwa hiyo utasimama wewe. Tarehe 20 chukua ubao, andika WEGESA kwa herufi kubwa, simama mlangoni kwangu na usibanduke hata Magige akipasuka koo. Umemwogopa tangu aote ndevu, mama, na anayelipia huo woga ni mimi. Mara hii moja, simama upande wangu.

Wegesa


Nyakunguru
15 Machi 2025

Mwanangu,

Marahaba. Nelson alinipa barua yako sokoni mbele za watu, nikaenda kuisomea nyuma ya duka la saruji. Pale mwisho hukuandika hata "mwanao". Nimeona.

Jana Magige naye alikuja kukaa jikoni kwangu. Akaniambia Alhamisi niende Nyamwaga kumsalimia shangazi yenu, nirudi jioni. Nikamuuliza, kwani shangazi anaumwa? Akasema, "Wewe nenda tu, mama." Yeye ananituma niondoke, wewe unanituma nisimame. Hakuna aliyeniuliza hata kama nimekula.

Sijasema sitasimama. Lakini nimemuuliza mwenyekiti, naye amesema huwezi kumshikia ubao mtu ambaye hayupo. Anayepigwa picha ndiye anayeandikwa. Kwa hiyo njoo mwenyewe. Nelson anasema kutoka huko hadi hapa ni mwendo wa siku moja. Mwombe fundi akulindie gari siku mbili, hata Kenya kuna watu wazuri.

Mama yako


Salgaa
18 Machi 2025

Mama,

Shikamoo. Umeshinda, nakuja.

Godwin ametuma spea na basi. Tumefungua boksi, tumekuta hedi ya injini nyingine kabisa, matundu hayalingani hata mawili. Nimempigia, ananiambia, "Lazimisha." Silinda hedi unailazimishaje, mama, kwa magoti? Nimemwambia maneno ambayo siwezi kukuandikia wewe uliyenizaa.

Fundi amekubali kulala kwenye gari mpaka nirudi. Nelson anashuka kesho asubuhi na lori tupu, natoka naye. Jumatano jioni nitakuwa nyumbani, na Alhamisi nitasimama mlangoni kwangu mwenyewe. Barua hii naitanguliza kwa dereva mwenzake anayeondoka sasa hivi. Mwambie Magige atoe mbuzi wake, na afagie.

Mwanao,
Wegesa


Salgaa
22 Machi 2025

Mama,

Shikamoo. Sikuja. Umeshaona kwamba sikuja.

Jumatano asubuhi begi langu lilikuwa tayari kwenye lori. Nilikuwa napanda, mguu mmoja ndani, ikaingia pikipiki kutoka Nakuru na hedi yangu mgongoni, imechongwa, inang'aa. Fundi akasema, masaa matatu tu madam, tunafunga unaondoka na gari lako. Nikawaza: kwa nini niingie Nyakunguru kwenye lori la ndizi kama mzigo, wakati naweza kuingia na Hiace, napiga honi, Magige ananiona, Godwin anafunga mdomo? Nikamwambia Nelson atangulie, nitampita kabla ya Kisii. Akaniambia, "Wegesa, panda gari." Sikupanda.

Masaa matatu! Bolti ilikatikia ndani ya injini, ikabidi itobolewe na itolewe vipande vipande. Alhamisi mchana, wakati nyie mnapigwa picha, mimi nilikuwa nimelala chali namshikia fundi tochi. Gari limewaka Ijumaa saa nne, nikakaa nyuma ya usukani nikalia kama mjinga, watu wa malori wananiangalia.

Nimemkasirikia Godwin, nimemkasirikia fundi, Magige ndiyo usiseme. Nimejikasirikia mimi kuliko wote. Na wewe pia, mama. Nelson amepita leo, anasema alisikia tu kwamba kwetu kulikuwa na fujo, hajui zaidi. Mimi najua. Magige alisimama, na wewe ulikuwa Nyamwaga unakunywa chai.

Sirudi. Naenda kufunga hizi pampu za watu, wiki mbili, labda tatu. Kwa nini nije? Nije kuwaomba mbuzi wanipishe?

Wegesa


Nyakunguru
25 Machi 2025

Wegesa,

Marahaba. Mimi mzima. Sasa kaa chini usome, maana leo ni zamu yangu ya kukasirika.

Nyamwaga sikwenda. Jumatano jioni nilisonga ugali wa watu wawili, nikala peke yangu. Alhamisi tangu asubuhi nilikaa kwenye jiwe mbele ya mlango wako, kila gari likilia barabarani nasimama. Saa sita wathamini wakafika, na mwenyekiti na majirani wote nyuma yao. Magige alikuwa amevaa shati la harusi yake. Ubao ulikuwa umeshaandikwa MAGIGE kwa chaki, amesimama mlangoni kwako kifua mbele, na mbuzi wanalia ndani. Yule bwana wa picha akauliza, kuna mwenye pingamizi? Nikasikia mdomo wangu unasema: ninalo mimi.

Magige akaniambia, mama kaa. Neno hilo moja tu. Hata mbuzi wake huwa hawaambii hivyo. Nikamnyang'anya ubao, nikafuta jina lake na pindo la kitenge changu. Nikashika chaki. Mwenyekiti akaniuliza, haya, andika, nyumba ya nani?

Nikaandika langu: AGUSTINA.

Utataka kujua kwa nini sikuandika la kwako. Kwanza, wewe hukuwepo. Ulikuwa unamlindia Godwin bati lake, na lori lilikuwa mbele yako mlango wazi. Ningeandika Wegesa, Magige angesema aliyeandikwa yuko wapi, wangenipokonya ubao wamrudishie. Pili, nilikuwa nimechoka. Nimechoka na nyie wote wawili! Shamba hili nimelima tangu naletwa hapa nikiwa na miaka kumi na saba. Udongo wa matofali yako ulitoka kwenye shimo nililochimba mimi, na kila fundi uliyemleta alikula kwangu. Kaka yako anasema ardhi ni ya baba, wewe unasema nyumba ni yako, mimi mnanituma kushika ubao kama msumari wa ukutani. Miaka yote hii jina langu halijawahi kuandikwa mahali popote ila kwenye kadi ya kliniki.

Na ile habari ya woga. Ndiyo, nilimwogopa. Ng'ombe zako zilipoondoka niliona, nikanyamaza, na uliporudishwa kupigwa nilinyamaza tena. Hiyo nitaijibu kwa Mungu, na kwako nakuomba radhi. Lakini usiniandikie tena barua ya kuniamrisha kama niko kwenye mshahara wako.

Majirani walipiga makofi. Mwenyekiti akatia sahihi, picha ikapigwa, nasikia nimekunja uso. Magige alipiga ndoo teke, akaenda Sirari, hajarudi. Mbuzi nimewatoa mwenyewe, na sakafu nimeideki mara mbili. Mkewe bado yupo, analia, nampa chakula.

Wiki mbili sitaki kusikia. Funga pampu za Godwin, mrudishie gari lake, umwekee ufunguo mezani, kisha njoo. Kitanda chako kiko palepale, na hakuna mtu atakayekiondoa bila mimi kusema. Ila ukifika mlangoni usiingie tu. Piga hodi, usubiri, mwenye nyumba akukaribishe.

Mama yako,
Agustina