Mama Dorkas, Mkono Wako Bado Unasalimia Bombo

Kandambili za Agape zinalia pa, pa, pa sakafuni, nje bado giza, na nyumba nzima inajua mjukuu wako ameamka. Mwaka mmoja umetimia sasa, Mama, tangu ulipotuacha, na sauti hiyo ndiyo salamu yako kwetu kila alfajiri.

Maana tunaikumbuka ile nyingine, ya kabla hajatibiwa: kandambili zikikwaruza, mkono ukipapasa ukuta. Asubuhi miguu migumu kama kuni. Jua likipanda, anakimbiza mbuzi na wenzake. Tukasema anakwepa kuteka maji. Lukasi, baba yake, akambandika jina, Mgonjwa wa Asubuhi. Wewe ulikuwa ndiyo kwanza umerudi kutoka mafunzo ya magonjwa ya viungo kule Same. Ukasikiliza, ukasema, "Lukasi mwanangu, mvivu hulala. Huyu anaamka kabla yako, mwili ndio unagoma."

Ukampakata. Ukaweka kiganja juu ya goti moja, kisha la pili, ukilinganisha joto. Ukamwandikia rufaa, ukashuka naye mlima mwenyewe hadi hospitali kubwa, akaanza dawa.

Ulikuwa tabibu wa zahanati yetu hapa Bombo miaka mingi, kustaafu kunakunyemelea, ukakubali kuwa mwanafunzi tena. Na vitabu vyako tulikuwa sisi. Babu Sefania alibonyezwa vifundo vya vidole hadi akalalamika, "Mke wangu, mimi ni mume au ni kitabu?"

"Kitabu. Na leo tupo ukurasa wa bega. Inua mkono."

Baada ya ibada, kwenye mstari wa kusalimiana, ulikuwa ukishika mkono wa mtu unauchelewesha. Jirani yetu Priska hakuacha kutania: "Ukimpa Tabibu mkono, usitegemee kuupata kabla makande hayajaiva!" Watu wakicheka, wewe umeshajua nani amevuta vidole kwa maumivu.

Ulipoondoka tuliogopa, Mama. Tuliogopa kwamba ujuzi ule tumeuzika pamoja nawe. Kwamba kila kiungo kinachouma kitarudi kuitwa uzee, au baridi ya mlimani, na watu watameza vidonge vya maumivu huku vidole vikipinda.

Sasa pokea habari njema. Mkweo Jenifer, yule uliyemhimiza amalize masomo ya jioni na mtoto mgongoni, leo ni mhudumu wa afya wa kijiji. Msimu wa kuvuna tangawizi alimsalimia Rogathe, mkulima mwenzetu, mlangoni pa kanisa. Rogathe akauvuta mkono.

"Ni jembe tu, mama Agape."

Jenifer akamuuliza swali lako lile lile: "Asubuhi vidole vinakaza mpaka saa ngapi?"

"Eh! Mpaka jua lifike kwenye migomba. Nani kakwambia?"

Jenifer hakumwachia. Waliongozana hadi kwa Elibariki, tabibu kijana uliyemfundisha. Akabonyeza vifundo kwa upole, kulia na kushoto, vile vile ulivyomwonyesha, kisha akaandika rufaa. Huko hospitali wakasema amewahi. Amewahi, Mama! Leo Rogathe anachimba tangawizi kwa mikono yake, na kwenye kwaya anapiga makofi kuliko wote. Wengine wamemfuata. Zahanati haimrudishi mtu nyumbani kabla ya kumuuliza swali lako.

Basi pumzika. Tulidhani tumezika ujuzi wako, kumbe tuliupanda.

Unakumbukwa na mumeo Sefania. Mwanao Lukasi na mkweo Jenifer. Mdogo wako Eliakunda wa Maore. Mjukuu wako Agape. Na wote uliowashika mkono wakapona aibu ya kuumwa kitu kisicho na jina. Daima, Mama, daima tutakukumbuka.

Jana jioni, tukiandika haya, Agape aliuchukua mkono wa babu yake, akauchelewesha viganjani mwake, akasema kwa sauti:

"Babu, asubuhi vidole vinakaza mpaka saa ngapi?"