Mzungu wa Rekodi Katika Pamba ya Mama Kabula

Mama Asha mke wangu, salamu kutoka Bariadi. Mimi mzima, ila mgongo umekwisha kwa kufyeka kiwanja cha ndege.

Leo mzungu mmoja ameruka kutoka kwenye ndege, kichwa chini, akitaka kuvunja rekodi ya dunia ya kuanguka kwa kasi. Parachuti akachelewa kuifungua, tukashika vichwa. Upepo ukamtupa kwa jirani wa kiwanja, Mama Kabula, aliyekuwa akichambua pamba, safi huku, fifi yenye uchafu kule. Akatua katikati, zote zikachanganyika. Tukakimbilia huko.

"Pole mama," nikasema. "Siku hizi wanunuzi binafsi wanachukua zote bei moja."

"Wachukue. Mimi sichanganyi."

Mzungu akatazama kipimo chake cha kasi, akaanza kulia. Rekodi ameikosa kidogo tu. Mama Kabula akadhani analilia pamba.

"Basi baba, nyamaza. Kaa tuchambue."

Akakaa kweli, machozi yanamtoka, akachambua. Na mimi nikakaa. Msimamizi wetu wa kazi hakuthubutu kuniinua nikafyeke mbele ya mgeni.

Nisalimie watoto. Nikija, mniache nilale kwanza, habari nitawapa nikiamka.

Baba Asha