Kwa Nini Mjukuu Wako Anaitwa Karima

Tanga

Kwa mama yangu mpenzi,

Shikamoo mama. Najua barua hii itakukuta umenuna, lakini pokea salamu zangu kwanza, ndipo uendelee kununa. Goti linakusumbua bado kwa baridi hiyo ya Kaengesa? Sisi huku ni wazima, tunatoka jasho tu. Mtoto ametimiza wiki tatu, na kwa kunyonya hana mchezo.

Nimeamua kuandika kwa sababu simu zangu hupokei. Kaka Deo ameniambia ulivyosema: kwamba wakwe zangu wamemnyang'anya mjukuu wako jina, na hutakuja kumwona mpaka aitwe Skolastika kama wewe. Nililia mama, sikufichi. Halafu nikanawa uso, maana jina hilo nimelichagua mimi mwenyewe, na silijutii.

Rashidi hakunilazimisha. Alisema, "Mke wangu, ukitaka Skolastika, basi Skolastika." Mimi ndiye niliyekataa. Wewe umelilalamikia jina hilo tangu niko mdogo, kwamba padri alikupa bila kumuuliza mtu, na kwamba shuleni wenzako walikuwa wameshaanza hesabu wewe bado unaliandika. Leo limekuwa tamu?

Unakumbuka masika yale lori la kina Rashidi liliponasa kwenye tope karibu na shamba letu? Walikuwa wanatoka Laela na mahindi, na hukumjua hata mmoja wao. Ulimkamata jogoo wako wa pekee, kisu mkononi, kisha ukaona Rashidi amevaa kibalaghashia. Ukampa yeye kisu. "Chinja mwenyewe, mwanangu, upate kula moyo wako umetulia." Ukasonga ugali wa ulezi, wakala wakashiba, nawe ukakataa kupokea chochote.

Rashidi alipofika kwao Katandala, hapo mjini kwenu, alimsimulia mama yake. Mama mkwe akasema, "Huyo mama ni karima." Mimi habari hiyo niliipata baada ya ndoa, nikauliza maana yake. Kwa Kiarabu ni mwanamke mwenye kutoa kwa moyo mweupe, asiyesimanga, mwenye utu na heshima. Neno letu ukarimu limetoka hukohuko. Tangu siku ile nililiweka moyoni, kabla hata sijapata mimba. Nalipenda pia kwa sababu ni fupi, ukiliita toka kisimani linasikika nyumbani, na halikwamishi ulimi wa Kifipa.

Kwa hiyo hakuna aliyekunyang'anya kitu, mama. Skolastika ulipewa na padri kabla hujajua kutembea. Karima ulipewa na watu uliowalisha bila kuwajua, na hilo ndilo nililomrithisha mwanangu.

Nisalimie baba, asiache dawa zake za presha. Msalimie wifi, mke wa Deo, na shangazi yangu mwenyekiti wa jumuiya, ambaye nina hakika ndiye anayekuchochea. Mwambie nampenda hivyohivyo.

Deo yuko tayari kukusindikiza, amenihakikishia. Njoo, mama. Nina hamu nawe kuliko nilivyodhani, na huku hakuna anayejua kumwogesha mtoto kama wewe. Mbebe kwanza. Kama jina bado hulitaki, utaniambia ukiwa umemshika.

Mwanao akupendaye,
Leokadia